Nilirudisha Ng'ombe Ili Mume Wangu Apate Viza

Nina miaka thelathini na mmoja, mama wa mtoto mmoja, nauza chakula Kalangalala, Geita. Ninayowaandikia, wasomaji wenzangu, yananitia kichefuchefu hadi leo, na sehemu kubwa ya kichefuchefu hicho ni juu yangu mwenyewe.

Mume wangu alikuwa Yuri, fundi wa mashine za kuchoronga miamba, aliyetoka Ukraine kuja kufanya kazi na kampuni moja ya kutafuta dhahabu. Watu wa kwetu walimwita Yuli. Alikula kwangu miezi mingi, tukapendana. Sikutaka mambo ya kujificha, nikampeleka kwa baba, kijijini kwetu Mhunze. Yuri alinunua ng'ombe kumi na wawili wa mahari mnadani, akawaswaga mwenyewe hadi zizini huku kijiji kizima kikishangilia. Cheti cha serikali hatukuwa nacho, lakini nani angesema mimi si mke wa mtu? Mwaka uliofuata tukampata Kabula.

Kisha kampuni ikafunga kazi... Yuri alisema kwao mishahara hailipwi tangu ile nchi kubwa ya Kisovieti ivunjike, hawezi kutupeleka kwenye njaa. Alitaka Ujerumani. Alinieleza kuwa wapo wanaopewa kibali cha ukaaji kwa ajili ya kazi, na wapo wanaopewa kwa sababu bibi zao ni Wajerumani, kama bibi yake yeye mzaa mama. Ila mwenye mke na mtoto Afrika, faili lake hulala miaka. Aende kwanza kama kapera, kisha atatuita. Alichohitaji ni barua ya kijiji tu, kwamba hana mke.

Mtendaji wa kijiji alikataa katakata. Ng'ombe wako zizini, kila mtu amewaona, agonge muhuri wa nini? Warudi kwanza kwa mwenyewe.

Hapo ndipo nilipopumbazika! Nilimpigia baba magoti, nikamwomba arudishe ng'ombe kwa muda tu, kwa ajili ya karatasi.

"Mayu, mwanangu," alisema, "ng'ombe wakirudi, wewe si mke tena, na mtoto ni wangu. Mimi sijui kurudisha kwa kujifanya."

Nililia siku tatu, sikugusa chakula, hadi akakubali. Wazee wakaitwa, wakashuhudia. Nikatia sahihi kwa mkono wangu kwamba sina mume, mtendaji akagonga muhuri kwenye barua ya Yuri. Na Yuri akafanya nini? Wiki ile ile aliwauza ng'ombe wote mnadani, pamoja na ndama waliozaliwa kwa baba, akakata tiketi ya ndege. Hata ndama! Nami nikamfungia karanga za njiani...

Zilikuja barua mbili, kisha kimya. Baada ya mwaka na nusu, Mukraine mwenzake aliyekuwa mgodini Bulyanhulu alikuja kula kwangu. Nikamuuliza kama Yuri amepata kibali. Alisema amepata, lakini si kwa bibi, maana bibi wa Kijerumani hakuwahi kuwapo. Alikuwapo mchumba wa Kijerumani waliyekuwa wakiandikiana siku zote alizokuwa akilala kwangu.

"Barua ya kijiji chenu ndiyo iliyomwezesha kuoa," alisema. "Bila hiyo wasingewafungisha ndoa."

Jamani, mimi ndiye niliyemwozesha mume wangu! Kwa sahihi yangu, kwa ng'ombe wa baba yangu, mbele ya wazee wa watu!

Mnadhani aliishia hapo? Mwezi uliopita aliniandikia barua. Ameniita "dada mpendwa". Anaomba nitie sahihi tena kwa mtendaji, kwamba Kabula si mtoto wake, kwa sababu mkewe amesikia habari na akimwacha kibali kitaharibika. Ameahidi kututumia nguo. Nguo! Mtoto ana macho yake, ana pua yake, kila apitaye anauliza huyu mzungu ni wa nani.

Niliisoma hadi mwisho, nikaitumbukiza kwenye shimo la choo. Ndipo mahali pake.

Baba amemwandikisha Kabula shule kwa jina lake yeye. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo linaniuma kuliko matusi.

Dada zangu, nawasihi. Mwanamume akikuomba ujikane kwa muda, akikwambia ni karatasi tu, usikubali hata akilia. Anayekuomba uandike kwamba wewe si mke, ujue kuna mahali mwanamke mwingine ameshaandikwa.