Swali la Karafuu

Kila asubuhi Mize alikunywa chai huku akisailiwa. Baba yake, Bwana Mwadini, alikuwa fundi wa kung'arisha pete katika karakana moja mtaani Hockley, Birmingham. Alikuwa akifunga kamba za viatu na kumrushia maswali bila kuinua kichwa.

"Mji mkuu wa Australia?"

"Canberra. Wengi husema Sydney."

"Waache waseme. Burkina Faso?"

"Ouagadougou."

"Haya, nenda skuli. Basi halimngoji mtu."

Mize alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Alizaliwa Wete, kisiwani Pemba, akaletwa Birmingham akiwa na miaka saba. Mwaka huo wa 2018 alitaka kitu kimoja tu: awe mmoja wa wanafunzi wanne watakaoiwakilisha shule yao katika mashindano ya jiografia ya jiji. Alisoma nchi, miji mikuu na mazao mpaka mama yake akasema sasa anayataja usingizini.

Siku ya mchujo, mwalimu wao, Bwana Ranjit, aliweka utaratibu wake mwenyewe. Kila mwanafunzi alileta swali moja pamoja na jibu lake, maswali yakachanganywa, kisha darasa zima likayajibu. Sharti lilikuwa moja: atakayeleta jibu la uongo anatolewa.

Swali la Khalif lilikuwa hili: ni nchi gani inayozalisha karafuu nyingi kuliko zote duniani? Khalif alikuwa mtoto wa Kisomali aliyelelewa Garissa, Kenya, mpole, mwenye mwandiko mbaya. Mize alitabasamu akaandika: Tanzania, visiwani Zanzibar. Bwana Ranjit alipofungua karatasi ya Khalif, akasoma: Indonesia.

Kwa alama hiyo moja, Khalif akawa wa nne na Mize akawa wa tano.

Mize alisimama kwa hasira. "Mwongo wewe," alimwambia Khalif kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiingereza ili wote wasikie. "Umelitunga jibu hilo makusudi. Wewe umeuona wapi mkarafuu?"

"Sijauona," akajibu Khalif. "Kwani ni lazima niuone? Nimesoma. Tafuteni kwa kompyuta, mtaona."

Kompyuta ilikuwepo pale pale mezani kwa mwalimu. Kuifungua kusingemchukua dakika mbili. Lakini kengele ililia, na Bwana Ranjit akasema ataliangalia jambo hilo kesho.

Kesho yake ilikuja barua. Bwana Mwadini alikuwa ameiandika usiku ule ule kwa kishindo, kalamu ikitoboa karatasi. Alisema yeye ni mtoto wa Pemba, babu yake alipanda mikarafuu kwa mikono yake, na ni aibu kwa shule kumwachia mtoto asiyejua hata harufu ya shamba awafundishe Wapemba habari za karafuu. Bwana Ranjit akaisoma mbele ya darasa, neno kwa neno.

"Mzee huyu ametoka huko huko," akasema. "Lazima anajua."

Lazima anajua. Kwa maneno hayo mawili tu, jina la Khalif likafutwa ubaoni na la Mize likaandikwa. Khalif alipoinua mkono ajitetee, aliambiwa ashushe mkono na aache ubishi. Wakati wa mapumziko kuna waliomwita Mwongo kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake. Mize alisikia, na alicheka pamoja nao.

Kila mshindani alitakiwa kuandika ukurasa mmoja kuhusu zao moja, na takwimu zake. Mize hakufikiri mara mbili. Jumamosi asubuhi alipanda basi kutoka mtaani kwao, Castle Vale, mpaka maktaba kubwa ya mjini, nia yake kuandika habari za karafuu na kumfunga Khalif mdomo moja kwa moja.

Alifungua kitabu cha kwanza. Indonesia ilikuwa juu kabisa, mbali sana na wengine. Tanzania ilikuwa chini yake. Akakiweka kando, akafungua kingine. Indonesia. Akaingia kwenye kompyuta ya maktaba, akaandika swali kwa namna tatu tofauti. Indonesia, Indonesia, Indonesia. Masikio yakamwaka moto.

Mwishowe alipata kitabu kimoja kikuukuu, chenye kurasa za manjano, kilichochapwa miaka ya hamsini. Humo iliandikwa wazi kwamba Zanzibar inaongoza dunia kwa karafuu, na kwamba Indonesia ni mmoja wa wateja wake wakubwa. Kumbe baba hakuzua. Alichosema kilikuwa kweli siku za babu yake. Tangu hapo mteja naye amepanda yake, akampita muuzaji.

Mize alikaa na kitabu kile muda mrefu. Angeweza kutoa nakala ya ukurasa ule mmoja tu na kuficha mwaka wa kuchapwa. Nani angeuliza? Alikipeleka kitabu mpaka kwenye mashine ya kunakili, akafungua kifuniko. Hapo akamkumbuka Khalif akishusha mkono. Akatoa nakala za vitabu vyote, pamoja na ule ukurasa wenye mwaka.

Nyumbani alizitandaza mbele ya baba yake. Bwana Mwadini alisoma, akasukuma karatasi.

"Vitabu vyao hivyo. Mimi nimekulia shambani."

"Baba, tumekosea."

"Mimi sikukosea. Mtu hafundishwi kwao."

Mama yake, Bi Aida, alikuwa akikunja nguo. "Baba Mize," akasema, "kazini kwenu, mtu akileta pete akaapa kuwa ni dhahabu, mnaipiga muhuri wa dhahabu halisi?"

"Hapana. Lazima ikapimwe kwanza."

"Hata akisema ni ya babu yake?"

Bwana Mwadini alizivuta karatasi tena, safari hii akavaa miwani. Alisoma mpaka ya mwisho.

"Nimemdhulumu mtoto wa watu," akasema. "Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Jumatatu twende wote."

Jumatatu walisimama mbele ya darasa, baba na binti. Mize alizungumza kwanza. "Jibu la Khalif lilikuwa sahihi. Nilimwita mwongo bila kuhakikisha, na walipomtukana nilicheka. Nafasi ile ni yake."

Bwana Ranjit aliziangalia zile nakala, uso ukamshuka. "Kosa kubwa ni langu," akasema. "Kazi yangu ni kuwafundisha mtafute ushahidi, nami nikatosheka na barua. Khalif, samahani."

"Mwanangu, niwie radhi," akasema Bwana Mwadini kwa Kiswahili.

Darasa lote lilimtazama Khalif. Hakutabasamu.

"Nimesikia, mzee," akasema, na macho yalikuwa yamemlowa kwa uchungu. "Lakini mimi nimeitwa mwongo siku nne. Ile barua yako ilisomwa kwa darasa yote. Andika ingine, nayo isomwe."

Mtu mzima kuamrishwa na mtoto si jambo dogo. Mize alimtazama baba yake, akijua hasira zake.

Bwana Mwadini akavuta kiti cha mwanafunzi, akakaa huku magoti yakigonga meza, akaomba karatasi. Aliandika polepole. Alipomaliza, Bwana Ranjit akasoma:

"Mimi Mwadini niliandika kwa hasira jambo nisilolihakiki. Khalif alisema kweli na hakudanganya mtu yeyote. Watoto, kutoka mahali si ujuzi wa mahali hapo. Ukiipenda nchi yako, ijue ilivyo leo. Na kabla hujamwita mwenzako mwongo, hakikisha kwanza mwongo si wewe."

Khalif akaichukua barua, akaisoma mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, akaikunja na kuitia mfukoni. Mize akaenda ubaoni, akafuta jina lake, akaandika la Khalif.