Gunia la Mlangoni

Kitendawili, wajukuu. Mmesema tega? Haya: kikisimama kinakulisha kila mwaka, kikilala kinakulisha siku moja. Ni nini? Likalieni jibu kwanza, msilitoe, maana kuna mtu wa Namuwongo, Kampala, amekufa kwa ajili yake.

Mtu mwenyewe aliitwa Ocira, muuza makaa. Alfajiri alikuwa akishusha magunia kutoka kaskazini, kisha mchana analala chumbani kwake kando ya reli. Jumatano hiyo mvua ilianza saa saba. Saa kumi na dakika kumi, Ochan, dereva wake, alikwenda kumwamsha akakuta mlango umerudishwa tu. Ocira alikuwa kitandani, amegeukia ukuta, hana pumzi. Katikati ya chumba palikuwa na sigiri, bado ya moto.

Majirani walishakata kesi kabla polisi hawajafika. Mvua, baridi, mtu kaingiza sigiri ndani, hewa mbaya ikammaliza; kila msimu wa mvua tunazika wa namna hiyo. Sajini Aryemo, mwanamke wa Gulu mwenye miaka kumi na tisa kazini, hakubishana nao. Alichuchumaa, akachokoa majivu kwa kijiti.

Majivu ya makaa ya mti ni mepesi, ukipuliza yanaruka. Haya yalikuwa mazito, ya rangi ya udongo, na yalibaki mviringo. Yalikuwa ya madonge: maganda ya matoke yaliyochomwa, yakasagwa, yakafinyangwa na udongo. Na Ocira aliyadharau hayo mbele ya watu. Aliyaita makaa ya mbuzi, kwa kuwa maganda ni chakula cha mbuzi. Isitoshe, hatua mbili nje ya mlango wake palikuwa na gunia la makaa ya mti, wazi, kavu kabisa chini ya turubai.

La pili lilikuwa dirishani. Tambara lililoliziba lilisukumwa kutoka nje.

"Mtu amekuja kumuua muuza makaa," Aryemo alimwambia Ochan. "Amepita kando ya gunia lililo wazi, akaenda kutafuta makaa mengine. Kwa nini?"

Ochan alijibu kwamba yeye tangu saa nne alikuwa gereji, na mafundi watatu walimwona.

Mfinyanzi wa madonge pale mtaani alikuwa mmoja tu, Nelima, Mkenya wa Bungoma. Wiki iliyotangulia walitukanana na Ocira kwa sababu Ocira alimmwagia beseni lake mtaroni. Saa kumi na mbili jioni Nelima alikuwa kituoni, vidole vyeusi, mtoto mgongoni.

"Afande, ningetaka kumuua, ningetumia makaa yake," alisema. "Mjinga gani anaacha jina lake kwenye sigiri?"

"Ulimuuzia nani?"

"Niulize nani sijamuuzia. Hata dada yake Ocira huja na kikopo kila asubuhi. Nilimcheka. Nikamwambia, nyabo, bibie, unalala juu ya makaa halafu unanunua ya mbuzi? Yeye hakucheka."

Wakubwa wa kituo walitaka Nelima apelekwe mahakamani kesho yake. Aryemo aliomba wangoje mpaka saa nne asubuhi.

Dada wa marehemu, Atoo, alikuwa amekuja wiki tatu nyuma kutoka kijijini kwao Amuru, jirani na Gulu. Alhamisi saa moja asubuhi Aryemo alimkuta akiwachemshia chai waombolezaji, kwa madonge, na magunia kumi ya kaka yake yamejaa uani. Alimsaidia kuipua birika. Kiganja cha Atoo kilikuwa na lengelenge, kimepakwa mafuta, na harufu ya mafuta hayo Aryemo aliijua tangu kwa bibi yake: ya yaa, ule mti wa shea wa kaskazini.

Wakakaa kando, wakaongea kwa lugha ya kwao. Aryemo alimweleza alivyoona: sigiri iliwashwa nje penye ukingo wa paa, ikabebwa ikiwa moto na mtu ambaye Ocira hangeshtuka kumsikia mlangoni.

Atoo hakukana. Alisema yaa ni mti wa kina mama. Unakaa miaka ishirini kabla ya kuzaa, lakini ukishaanza unazaa mpaka wajukuu. Kwa mafuta yake mama yao aliwasomesha wote wawili. Shamba lilikuwa na miti kumi na saba, na Ocira alichoma kumi na sita kuwa makaa. Atoo alikuja Kampala kumpigia magoti amwachie mmoja.

"Alinijibu miti ni kama nywele, itaota," alisema. "Akatuma vijana wauchome uliobaki; Jumatatu akasafiri kuupakia. Jumatano akarudi amejaza lori."

"Ungekuja kwetu. Kukata yaa kumekatazwa."

"Dada, njia nzima ina polisi. Lori lilipita hewani?"

Hata Aryemo nyumbani alipikia makaa, na hakuwahi kuuliza ya mti gani.

Nelima aliachiliwa saa tatu. Alipopita na beseni lake hakumtazama mtu. Lori jingine lilikuwa limesimama pale pale kwa Ocira, tajiri mwingine anashusha, na wanawake wamekwisha panga mstari na mikebe yao.

Aryemo alimshika Atoo mkono kumpandisha kwenye gari. Bado swali lilikuwa likimkwaruza.

"Wanawake wa kwetu hatuchomi yaa, najua. Lakini mtu anayemuua kaka yake ataogopa mwiko? Ungechota kwenye gunia la mlangoni, hakuna ambaye angejua. Kwa nini hukuchota?"

Atoo aliketi. Alilitazama lile gunia mpaka injini ikawaka.

"Mti wa kumi na saba," alisema, "ulikuwa juu ya kaburi la mama. Ndio huo mlangoni; mwenyewe alinionyesha. Ningemchomaje mara ya pili?"