Kikombe cha Pilipili na Unga wa Daktari

Siku za likizo, asubuhi ya Hayat ilianza kwa chafya. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka, na duka lilikuwa la viungo, kwa hiyo baba yake alipofungua tu magunia ya bizari na pilipili, pua ya Hayat ilipata habari kabla ya macho. Alioga, akanywa chai kwa kitumbua kimoja, kingine akakificha kwa ajili ya saa nne, kisha akaenda kukaa kwenye kigoda chake nyuma ya meza ya duka. Kazi yake aliijua vizuri kuliko jedwali la kuzidisha la saba: kuchota kiungo kwa kikombe, kumimina kwenye kifuko cha nailoni na kufunga fundo. Babu yake aliuza hivyo, baba yake aliuza hivyo, na watu wa mtaa wao wa Manzese walinunua viungo vya kutosha mchuzi wa leo, basi.

Mwaka huo duka lilikuwa na upande mpya. Daktari Kokuberwa, daktari wa meno mwenye kliniki yake Tabata, alikuwa amechoka kufuata vifaa mbali mjini. Alimshawishi Mzee Muhsin, baba yake Hayat, auze pia vitu vya kliniki za meno. Mzee Muhsin akatafuta kibali, akakipata, akanunua kabati la vioo. Kilichobaki ni orodha. Jumatatu maofisa wanaosimamia dawa na vifaa tiba wangekuja kukagua, nao walitaka kuona kila kifaa tiba kimeandikwa pamoja na namba yake ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, Mzee Muhsin alimpa Hayat daftari jipya. Aandike kurasa mbili, ukurasa mmoja wa vifaa tiba, wa pili wa bidhaa za kawaida.

"Usichokijua kiache, nikirudi uniulize," alisema baba yake.

Hayat aliitikia vizuri sana. Lakini mlango ulipofungwa nusu, aliona kwamba msichana wa miaka kumi na miwili hana haja ya kuulizauliza. Akajitungia kanuni yake mwenyewe: kinachotisha ni kifaa tiba, kisichotisha ni bidhaa ya kawaida. Koleo la kung'olea meno lilitisha, likaandikwa. Sindano zilitisha mno, zikaandikwa kwa herufi kubwa. Glavu hazikutisha hata kidogo, maana mama yake alikuwa nazo za kuoshea vyombo. Mwishoni zikabaki pakiti mbili kubwa zilizojaa kitu laini. Hayat akaikata moja kwa mkasi ili aone. Ulikuwa unga wa rangi ya waridi, unaonukia kama pipi ya mnanaa. Nani ataogopa unga wa pipi?

Akauandika katika bidhaa za kawaida. Na kwa kuwa dukani kwao unga haukai kwenye pakiti kubwa, akashika kikombe. Akapima na kufunga, akapima na kufunga, mpaka pakiti zote mbili zikaisha na vifuko ishirini vikakaa mezani vimefungwa mafundo mazuri. Pakiti tupu akazitupa kwenye pipa.

Ndipo akapiga chafya. Akapiga ya pili na ya tatu. Alipokitazama kikombe, ukingo wake ulikuwa mwekundu. Kilikuwa kikombe cha pilipili kichaa.

Alizitoa pakiti kwenye pipa, akasoma maandishi kwa Kiingereza chake cha darasa la sita, neno kwa neno. Ulikuwa unga wa kuchukulia umbo la meno na fizi, ndani ya mdomo wa mgonjwa. Chini yake kulikuwa na namba ya toleo na tarehe, vitu vilevile vilivyotakiwa kwenye orodha.

Hayat aliogopa. Alimwogopa baba yake, akawaogopa maofisa asiowajua, na hofu ikampa akili mbaya. Alifungua vifuko vyote, akarudisha unga kwenye pakiti, akaenda ndani kuchukua pasi. Mama yake alikuwa jikoni na pilau lake, hakuuliza kitu. Hayat akaweka gazeti juu ya mdomo wa pakiti, akapitisha pasi ya moto, na mdomo ukashikana kama haujawahi kukatwa. Ilikuwa kazi safi, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Akazirudisha kabatini na kukaa chini kula kile kitumbua cha akiba, lakini hakikuwa na ladha.

Mzee Muhsin aliporudi alikutana mlangoni na Loveness, msaidizi wa Daktari Kokuberwa. Loveness alikuwa na haraka. Alitaka pakiti moja ya unga, kwa sababu alasiri hiyo wangechukua umbo la fizi za Bibi Mauwa ili atengenezewe meno ya bandia. Kesho yake daktari alikuwa anasafiri kwenda Bukoba kwa wiki mbili, na harusi ya Jabiri, mjukuu wa Bibi Mauwa, ilikuwa mwezi ujao.

Hayat alimjua Bibi Mauwa vizuri. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao, na kila akipita dukani alimwita Hayat mke mwenzangu. Kwa miaka miwili alikuwa akila uji na ndizi zilizopondwa, akiapa kwamba nyama ya harusi ya Jabiri ataitafuna mwenyewe. Mzee Muhsin alishatoa pakiti kabatini, akaifunga kwenye karatasi na kumkabidhi Loveness.

Hayat aliwaza fizi za yule bibi na pilipili kichaa.

"Dada Loveness, usiuchukue," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Una pilipili ndani."

Kisha akasimulia yote, pamoja na pasi. Baba yake hakufoka, na Hayat alitamani angefoka. Mzee Muhsin aliichukua tena pakiti, akaikata, akanusa, akapiga chafya kubwa. Loveness alicheka, halafu akaona uso wa mzee, akakata kicheko.

Pakiti zote mbili zilitengwa, zisiguswe tena. Mzee Muhsin alimpigia simu mwenzake wa Kariakoo, na Badru wa bodaboda akatumwa kuleta nyingine, ambayo haijafunguliwa. Kabla ya adhana ya alasiri ilishafika Tabata, na Bibi Mauwa alishaachama.

Jioni Daktari Kokuberwa alipitia dukani. Hayat alimwamkia bila kuinua macho. Daktari aliisoma ile orodha, akauma midomo asicheke, kisha akaweka maboksi mawili ya glavu mezani.

"Zinafanana?"

"Zinafanana, daktari."

"Soma yaliyoandikwa. Hizi ni za usafi. Hizi zimetengenezwa kwa ajili ya kumpima mgonjwa, kumkinga yeye na mimi. Usitazame sura ya kitu, Hayat. Tazama kimetengenezwa kwa kazi gani."

Wakaanza upya pamoja. Kioo kidogo chenye mpini mrefu, cha kuchunguzia mdomo, kilikuwa kifaa tiba. Kioo cha mkononi, cha mgonjwa kujitazamia, kilikuwa kioo tu. Walipofika kwenye vikombe vya kusukutulia, daktari alijikuna kichwa.

"Hapo sina hakika," alisema. "Viandike pembeni, Jumatatu muwaulize maofisa."

Hayat alimtazama kwa mshangao. Mtu aliyesoma miaka yote ile alikuwa amesema hana hakika, tena bila kuona haya.

Daktari alipoondoka, Mzee Muhsin alimwita binti yake akae karibu.

"Kufungua pakiti lilikuwa kosa la kutojua," alisema. "Hilo lina dawa, nayo ni kuuliza. Kilichonitisha mie ni ile pasi. Pale ulikuwa umeshajua, ukaficha. Mgonjwa haoni kilichomo ndani ya pakiti, anatuamini sisi. Lakini ulisema kabla mtu hajaumia, na kwa hilo leo nitalala vizuri. Siku nyingine usingoje mpaka pakiti ifike mlangoni."

Hayat aliahidi, naye alimaanisha. Jumatatu maofisa waliikagua orodha, wakajibu swali la vikombe, wakaenda zao.

Wiki ya harusi, Bibi Mauwa aliingia dukani. Hakusalimia kwanza. Alichukua kashata kwenye chupa, akaiuma, ikalia ka, akaitafuna yote huku akimkazia Hayat macho. Meno yalikuwa meupe na yamekaa sawasawa. Hayat alifurahi hadi machozi yakamlengalenga.

"Haya, mke mwenzangu, nipimie pilipili kichaa," alisema Bibi Mauwa, ambaye Loveness alikuwa ameshamsimulia yote. "Ila safari hii nitaitia mwenyewe, kwenye mchuzi."