Mpiga Picha Aliyeogopa Kupima

Kila tarehe mosi, kabla ya kufungua studio, mpiga picha alikaa kwenye kigoda mbele ya kamera na kujipiga picha. Kisha aliipanga mezani pamoja na za miezi iliyopita, akazikagua. Mashavu yapo? Shingo haijakonda? Basi alishusha pumzi hadi mwezi ujao.

"Mume wangu kwa kujipenda hana mpinzani," mkewe aliwatania wateja. Naye alicheka, lakini moyoni hakuwa na raha.

Zamani, kabla hajaoa, studio ile ilitumia kamera za filamu. Ah, siku zile! Chumba cha giza kilinuka dawa, picha zikaanikwa kwa vibanio kama nguo. Msichana waliyemwita Kicheko alipaka rangi picha za maharusi kwa brashi ndogo. Yeye na mpiga picha walipendana sana, wala hawakutumia kinga. Baadaye Kicheko akahama. Miaka ikapita, ikaja habari kwamba ameugua muda mrefu, amefariki. Ugonjwa gani? Hakuna aliyejua. Tangu hapo, kila alipomkumbuka, mpiga picha alipatwa na hofu.

Siku moja nesi wa zahanati ya jirani alikuja kupiga picha ya kitambulisho. Akaziona zile picha mezani.

"Kaka, mbona umejipanga hivi? Unagombea ubunge?"

Mpiga picha alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akamweleza yote.

"Pole sana," nesi alisema. "Lakini hapa unajidanganya. Virusi vya Ukimwi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi, na mtu kanawiri. Kamera haivioni."

"Mke wangu alipimwa kliniki alipokuwa mjamzito. Hana."

"Hilo ni jibu lake. La kwako hulijui."

"Na nikikutwa navyo? Si ndiyo kwisha habari yangu?"

"Nani kasema? Utaanzishiwa dawa mapema. Ukizimeza kila siku, virusi vinapungua mpaka havionekani kwenye vipimo. Vikibaki hivyo, humwambukizi mkeo. Nawajua wenye virusi wanaolea wajukuu. Hatari ni kutojua. Njoo upime. Ni tone la damu ya kidole na kusubiri kidogo. Siri yako haitoki."

Jioni alimsimulia mkewe.

"Miaka yote hii umebeba peke yako?" mke alisema. "Kesho tunakwenda wote."

Zahanati ilikuwa na benchi moja refu. Nesi aliwauliza kama kulikuwa na hatari yoyote ndani ya miezi mitatu iliyopita, maana maambukizi ya karibuni huenda yasionekane. Hapakuwa na hatari. Akawatoboa vidole. Wakasubiri, mpiga picha akihesabu vigae vya sakafu, akipotea, akianza upya.

Majibu yakaja. Wote wawili hawakuwa na virusi.

Njiani mke alimshika mkono. "Haya, sasa niambie. Huyo Kicheko alikuwaje?"

Mpiga picha alisimama.

"Alikuwa anakosea rangi," alisema. "Bwana harusi anampaka midomo myekundu! Halafu anacheka mpaka anakaa chini."

Akacheka na yeye, kisha akalia palepale barabarani. Miaka yote alikuwa akijililia mwenyewe. Siku hiyo alimlilia Kicheko.