Chupa ya Majina

Mwaka 1969 Mwalimu Abrahman, mtu wa Mji Mkongwe, alikuwa akisomesha historia Mkokotoni. Kila Jumamosi asubuhi aliwachukua wanafunzi wake kumi na mmoja mpaka kwenye gofu la nyumba ya kale, akawafundisha kuchimba kwa mwiko, kuchekecha udongo na kuandika kila kigae kimetoka kina gani. Walipomaliza, alimtaka kila mmoja aandike jina lake kwenye karatasi moja, naye akaandika lake mwisho. Akaitia chupani, akaziba kwa nta, akaifukia chini ya shimo, ili atakayechimba baada ya miaka mia ajue nani walimtangulia. Ndivyo wafanyavyo wachimbaji. Lakini pale kijijini, anayefukia jina la mtu ni yule anayemtakia mabaya, na hilo Mwalimu hakuuliza.

Wiki iliyofuata Kidawa, hodari wa darasa, hakuonekana skuli. Jumatano akaja bibi yake, Bi Mwamvua. Hata shikamoo ya Mwalimu hakuiitikia. Alisema mtoto hali, hanywi, mwili unamwisha. Kila adhuhuri huitika, na hapana aliyemwita.

"Ushamzika mjukuu wangu, Mwalimu. Kamfukue."

Abrahman alimshuku. Alidhani bibi anatafuta njia ya kumwachisha msichana skuli amwoze. Hata hivyo alikwenda naye, walau amwoneshe kuwa ile ni karatasi tu.

Walifika jua la utosi. Udongo ulikuwa umeshikana, haukuguswa. Alichimba. Bibi alisimama mbele yake akisoma dua.

"Mwalimu," sauti ikaita kutoka nyuma.

"Naam," akajibu bila kugeuka.

Dua ikakatika. "Wamwitikia nani?" Bi Mwamvua alinong'ona.

Abrahman akageuka. Palikuwa na ukuta tu. Akadhani ni mwanafunzi amejificha nyuma yake.

Chupa ikatoka. Nta nzima, na alama ya kidole gumba chake juu yake. Alishawashuku wanafunzi, akamshuku bibi, sasa hakuwa na wa kumshuku. Aliogopa.

Akaivunja. Mbele ya kila jina palikuwa na alama za wino mwekundu, kama za daftari la mahudhurio. Kidawa alikuwa na vema nne, moja kwa kila adhuhuri aliyoitika. Wenzake walikuwa na makosa matupu. Wote walikuwa wakiitwa. Hawakuitika.

Abrahman: makosa matatu, vema moja. Wino wa vema hiyo ulikuwa bado mbichi, ukamchafua kidole.

Walikwenda nyumbani kwa bibi mbiombio. Bi Mwamvua akachana kipande chenye jina la Kidawa, akakitia kwenye bakuli la maji, akasoma. Jina likayeyuka, na vema zake zote. Alasiri haijaisha Kidawa akaomba uji. Abrahman nusura alie kwa furaha.

Kisha akachana kipande chake mwenyewe. Maji yakabadilishwa. Bibi akasoma, akarudia, akarudia tena.

Jina likatoka lote. Vema ikabaki.