Wawili Kapu Moja

"Wifi, umeniuza!"

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni mwa basi dogo la watalii, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Kwenye kiti cha nyuma kabisa, koti kalikumbatia kama mtu aliyekwenda kumwona mgonjwa, alikaa mume wake. Ndiyo, mume wake wa ndoa, ambaye hawakuwa wamelala nyumba moja tangu mvua za mwaka jana.

"Nimekuuza kwa nani? Huyu si kaka yangu?" wifi alijibu huku akimsukuma kiunoni. "Panda bwana, watu wanasubiri."

"Uliniambia tunakwenda sisi wawili!"

"Nilikuambia tunakwenda kutembelea mashamba ya chai na kahawa. Nani na nani, hukuuliza."

Abiria wakacheka. Kwa aibu, Mshonaji akapanda. Akaketi mbele kabisa, nyuma ya dereva, shingo kaikaza asije akageuka kwa bahati mbaya.

Wifi alijua anachokifanya. Jumamosi iliyokuwa inakuja, wajomba walikuwa wakutane nyumbani kwa mama yake Mshonaji kuivunja ile ndoa. Mumewe, Fundi seremala, alipopigiwa simu kuelezwa, alijibu neno moja tu: "Sawa." Hiyo "sawa" ilimuuma mkewe kuliko tusi. Hata kubisha kidogo jamani? Hata kuuliza kwa nini?

Basi lilianza kupanda milima, kona baada ya kona, vioo vikaanza kuota jasho. Simu ya Mshonaji ikatetema. Ujumbe ulitoka kwa wifi, viti vitatu nyuma yake.

"Usinune, utazeeka mapema. Kaka kakonda mpaka suruali anaishika kwa mkono."

Akajibu: "Si ale."

"Anakula. Tatizo anapika mwenyewe."

Mshonaji akang'ata mdomo asicheke.

Shambani walipokewa na mama mmoja mnene, mchangamfu, mabuti ya mpira mpaka magotini. Ndiye mtembeza wageni, na kila mtu pale alimwita Kapteni.

"Karibuni chai ambayo haijaona maji ya moto!" alisema. "Leo mtachuma wenyewe. Majani mawili na kichipukizi chake, hayo magumu ya chini tuachieni. Kila wawili kapu moja! Wewe dada, ungana na huyu mrefu aliyebaki."

"Mimi niko na wifi yangu," Mshonaji akawahi.

Akageuka. Wifi alikuwa keshamkumbatia bibi mmoja mstaafu ambaye hata hawajasalimiana.

"Mimi nimeshapata mwenzangu," wifi alisema. "Tunapendana sana."

Basi wakaingia kwenye mstari wao, Fundi kapu mgongoni, mkewe upande wa pili wa michai. Wakachuma, macho kwenye majani. Kila mikono yao ilipokutana mdomoni mwa kapu, Mshonaji aliuondoa wake haraka kama umegusa pasi.

Hawakufika mbali. Ukungu ulishuka kutoka mlimani, mzito, mweupe, ukameza mistari ya chai mmoja mmoja.

"Kila mtu asimame alipo!" sauti ya Kapteni ilisikika kutoka huko alikokuwa. "Kuna mifereji, msije mkanivunjikia miguu! Utapita!"

Mshonaji akasimama. Hakumwona mumewe. Alisikia pumzi zake tu, pale pale, ng'ambo ya kichaka.

"Unasikia baridi?" Fundi aliuliza.

"Hapana."

Meno yalimsaliti. Akasikia majani yakichakarika, kisha koti zito likamwangukia mabegani. Akataka kulivua, akashindwa.

"Jumamosi utakuja?" aliuliza.

"Sitakuja."

"Nilijua. Wewe kwako kila kitu ni sawa tu. Mtoto amekufa, sawa. Mke ameondoka, sawa."

Ng'ambo ya kichaka kapu lilikwaruza matawi.

"Nilirudi kutoka hospitali na mshono mbichi tumboni," aliendelea, sauti ikianza kukatika. "Nikakuta chumba kitupu. Kile kitanda ulichomchongea, chenye ndege kwenye kingo, hakipo. Ulikuwa na haraka ya nini? Ulimpa nani?"

"Sikumpa mtu."

"Ulikiuza?"

"Hapana."

"Basi kiko wapi?"

Sauti ya Fundi ilitoka ndogo, kama inatoka chini ya kapu.

"Anacho mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mtoto."

Mshonaji akashika tawi la mchai lililokuwa karibu.

"Walinikabidhi akiwa kwenye kitenge chako," Fundi alisema. "Wewe ulikuwa hujazinduka. Wakaniambia twende tukatafute kisanduku. Nikasema mwanangu halali kwenye mbao za mtu mwingine. Nikaenda karakana, nikakifungua kile kitanda, nikamtengenezea kisanduku chake. Ndege nikawaweka kwa ndani, awe anawaona."

Mwanamke akachuchumaa katikati ya mstari, viganja usoni. Alilia kilio ambacho tangu ahamie kwa mama yake hakuwahi kukilia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijaribu. Ukiniuliza kitanda kiko wapi, nafungua mdomo, hakitoki kitu. Nikaona heri unichukie mimi, kuliko kila ukifumba macho ukione kitanda kiko chini ya udongo."

"Uliamua peke yako."

"Niliamua peke yangu. Nilikosea."

Alinyanyua uso. Wazo lilikuwa limemjia, baya kuliko yote.

"Ulimwona uso?"

"Nilimwona."

"Mimi sikumwona!" alipiga kelele. "Mwaka mzima wewe ndiye mtu pekee unayemjua mwanangu, halafu ukaninyamazia!"

Na hapo ukungu ukaanza kupasuka, mistari ya kijani ikarudi, na Mshonaji akamwona mumewe. Mashavu yalikuwa yamelowa, kapu limeinama na majani yamemwagika miguuni. Katika miaka yao yote hakuwahi kumwona analia.

"Mko salama?" Kapteni aliita. "Haya, kahawa inatungoja!"

Upande wa kahawa walipewa kazi ya kuchambua buni zilizoanikwa kwenye vichanja virefu. Jirani, mtu alikuwa anakaanga, harufu inaingia mpaka kwenye nguo. Safari hii Mshonaji hakungoja kupangiwa mwenza. Alisimama kando ya mumewe, bega kwa bega, koti bado mwilini.

"Niambie," alisema. "Usiache kitu."

"Nywele nyingi, mpaka kwenye masikio. Kidevu chako. Vidole virefu, nikasema huyu angekuwa fundi."

"Fundi wa nini?"

"Cherehani."

"Muongo."

"Basi wa mbao. Na alikuwa amekunja uso hivi, kama wewe nikichelewa kurudi na chakula kimepoa."

Mshonaji akacheka, na machozi yakamshuka hapo hapo juu ya buni. Mkono wake ukautafuta wa mumewe katikati ya kahawa. Safari hii haukuondoka.

Wifi akatokea na vikombe viwili.

"Niwape kahawa, au niendelee kujifanya sioni?"

"Endelea kujifanya huoni," walijibu kwa pamoja.

Mshonaji akatoa simu.

"Mama? Waambie wajomba wasije Jumamosi."

"Wasije? Nimeshaazima viti!"

"Virudishe."

"Wewe mtoto, huyo mwanaume amekulisha nini huko?"

"Hajanilisha kitu, mama. Ameongea."

"Yule? Ameongea?"

"Ameongea."

"Hebu ngoja kwanza nikae."

Alipokata, Fundi alikuwa anamtazama kama mtu anayeogopa kupumua.

"Sijamaliza kukasirika," mkewe alimwambia. "Nitakuwa nakasirika nikiwa nyumbani kwangu."

"Kasirika mpaka uchoke. Mimi nipo."

"Hatukumpa jina."

Fundi akainamisha kichwa. "Nilimpa. Nilishindwa kumfukia bila kumwita."

"Ulimwitaje?"

Akamsogelea sikioni, akamwambia. Mshonaji alilirudia lile jina kwa midomo tu kwanza, halafu kwa sauti ya kusikika. Lilikaa vizuri.

"Sijawahi kufika alipolala," alisema.

"Najua."

"Jumamosi nipeleke."

"Nitakupeleka, mama yake."

Ni mtu wa kwanza kumwita hivyo. Mshonaji akalaza kichwa begani pake, na hakujali nani anaangalia.