Mkwe wa Mafuta ya Taa

"Umeshaoga?"

"Mara mbili. Na kucha nimezisugua kwa ndimu."

"Oga ya tatu," nikamwambia, nikakata simu.

Sikuwa natania. Mchumba wangu ni fundi magari, na baba yangu mtaa mzima unamwita Bwana Pua. Miaka thelathini alitunza mvinyo wa hoteli. Alipostaafu alihamishia maisha yake kwenye stoo iliyo chini ya ngazi za nyumba yetu, giza na ubaridi, chupa zimelazwa ubavu ili vizibo visikauke. Ukipiga chafya karibu na ule mlango, anakuuliza unaziamshia nini.

Fundi wangu alikataliwa kabla hajaonekana.

"Harufu ya gereji itaniua pua," baba alisema.

Nililia siku tatu, mpaka shangazi akaingilia kati. Baba akalegea kidogo: aje Jumapili, wanywe glasi moja.

"Nikimwelewa, nitakubali. Nisipomwelewa, usinililie tena."

Na mimi nampenda yule mwanaume, sifichi.

Saa tisa alasiri akabisha hodi, shati jeupe, harufu ya ndimu imemtangulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Baba akaleta chupa ya Riesling, mvinyo mweupe wa Kizungu, aliyoilaza mwaka nilioanza darasa la kwanza. Alikuwa ameitoa kwenye friji robo saa kabla, maana anasema mvinyo wa baridi kali ni bubu, hautoi harufu. Akang'oa kizibo taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Mvinyo ulioingia chupani ukikaribia weupe wa maji ukatoka na rangi ya dhahabu. Mimi sinywi, kwa hiyo akamimina glasi tatu.

Shangazi, mwenye mafua wiki nzima, aliwahi kunusa.

"Maua, kaka. Maua matupu."

Baba akamgeukia Fundi.

"Shika glasi kwenye shina, usiipashe joto. Nusa kwanza, halafu uniambie unasikia nini."

Fundi akanusa. Uso ukambadilika.

"Samahani baba, naomba nikanawe mikono."

Akaenda, akarudi, akanusa, akasimama tena.

"Samahani. Naomba tena kidogo."

Baba akanitazama. "Anaharisha?"

"Hapana, baba."

Simu yangu ikatetemeka chini ya meza. Meseji ilitoka bafuni kwetu: *Nimekwisha. Glasi yangu inanuka mafuta ya taa. Ni mikono hii. Na sabuni yenu nimeimaliza.*

Nikamjibu: *Rudi. Sema maua kama shangazi.*

Alirudi mikono imekuwa myekundu.

"Haya," baba akasema. "Unasikia nini?"

Nikamkanyaga mguu. Akauondoa.

"Baba, ningesema maua, lakini ningekuwa muongo. Nasikia mafuta ya taa. Kosa ni langu, nimeshinda gereji wiki nzima, na nimesugua mpaka nimechubuka. Nimekuharibia mvinyo ulioungoja miaka yote hii, nisamehe. Ila kazi yangu siwezi kuiosha nikaiacha bafuni kwako. Ndiyo nitakayomtunzia mwanao."

Shangazi akaacha kutafuna karanga. Mimi nilikwisha kuanza kulia kimoyomoyo.

"Na chini ya hayo mafuta ya taa?" baba akauliza polepole.

Fundi akanusa tena. "Asali. Na ndimu. Lakini ndimu ni mimi."

Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu mama atutoke. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha glasi.

"Ndimu nayo imo. Kijana, mikono yako haina kosa. Riesling ikilala miaka mingi gizani, hunuka hivyo hivyo. Ndiyo kuiva kwake. Kila nikiwamiminia watu, wananiangalia usoni kwanza, halafu wananiambia maua."

"Kaka, mimi nina mafua," shangazi akajitetea.

"Wewe nakujua hata bila mafua."

"Kwa hiyo, baba?" nikauliza.

"Kwa hiyo nini? Mwambie anywe, inapata joto."

Akainuka, akaingia stoo, akatoka na Riesling changa ya mwaka uliopita. Akamkabidhi Fundi kwa mikono miwili.

"Mtailaza kwenu, ubavu, gizani, mbali na injini zako. Mtaifungua mjukuu wangu akianza darasa la kwanza."

Shangazi ndiye aliyepiga kigelegele, mafua na yote.

Tulifunga ndoa baada ya miezi minne. Wakati wa kupongezana, baba alimkumbatia Fundi kwa muda mrefu, akamnusa begani.

"Umeoga?"

"Mara moja tu, baba."

"Inatosha, mwanangu."